Kuhama Tuni Jukwaani: Sikio Latulia, Mkono Wapotea

MWANAIDI: Assalaam alaykum wasikilizaji, na karibuni tena hapa Shella, Malindi. Leo mimi na Kaka Athmani tunazungumzia jambo ambalo wapiga besi wa bendi za harusi hulazimika kulifanya usiku mmoja zaidi ya mara moja, nalo ni kuhama kutoka tuni moja, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi, kwenda nyingine. Kaka, anza na ile ya kawaida.

ATHMANI: Ahsante, dada. Tangu Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, gita la besi la nyuzi nne limezoeleka kutuniwa kwa nota za E, A, D na G, ukianzia uzi mnene. E hiyo hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Mwimbaji akitaka wimbo ukae kwenye D, wengi wetu huushusha uzi huo mmoja tu kwa toni nzima, tukapata D nzito ya takribani mara 37, ambayo inalia wazi bila kidole kuukandamiza uzi. Wapiga udi hawatashangaa, kwa kuwa wapo wanaoubadilisha uzi wao mnene kufuata maqamu, yaani ngazi ya nota, ya wimbo.

MWANAIDI: Kwa mtazamaji ni kazi ndogo, kigingi kinazungushwa na mambo yamekwisha.

ATHMANI: Nami nilidhani hivyo, mpaka harusi moja hapa mjini. Tulimaliza wimbo wa D, tukaingia moja kwa moja katika wimbo wa G, nikaweka kidole pale kilipozoea, freti ya tatu ya uzi mnene, freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gita. Ikatoka F. Mwimbaji aligeuka kunitazama huku akiendelea kuimba, na mpiga kinanda akauinua mkono wake wa kushoto ili tusigongane. Uzi ule ukishashuka, G yake huhamia freti ya tano, ilhali nyuzi tatu nyingine zimebaki zilivyokuwa, kwa hiyo mkono mmoja unatakiwa kubeba ramani mbili. Kosa lile sikio langu lililisikia papo hapo, lakini vidole vilirudi kulekule mara ya pili.

MWANAIDI: Je, si afadhali kuzishusha nyuzi zote nne?

ATHMANI: Kwa vidole ni afadhali, maana uhusiano wa uzi na uzi haubadiliki. Anayeteseka ni gita lenyewe. Uzi ulioshushwa toni moja hupoteza karibu asilimia 20 ya mkazo wake, na shingo iliyokuwa ikivutwa na nyuzi hizo hurudi nyuma kidogo, kisha nyuzi zinaanza kugonga freti na mlio unakwaruza. Gita la namna hiyo linataka nyuzi nene zaidi na kurekebishwa kile chuma kilichomo ndani ya shingo, kazi ambayo haifanyiki kati ya wimbo na wimbo.

MWANAIDI: Na wenye besi ya nyuzi tano?

ATHMANI: Hao wana uzi wa B chini ya E, na D wanaipata freti ya tatu bila kugusa kigingi. Mwenye uwezo wa kuinunua ainunue.

MWANAIDI: Basi tueleze unavyoushusha uzi ukiwa jukwaani.

ATHMANI: Kwanza nazima sauti inayokwenda kwenye spika, halafu nabandika sikio kwenye pembe ya gita, ambapo mbao hunisikilizisha. Nalegeza uzi kupita D yenyewe, nauvuta kwa kidole mara mbili tatu ili ulegevu uliojificha kwenye kigingi utoke, kisha nakaza kupanda hadi D. Ukiifikia nota kwa kulegeza, uzi utaendelea kushuka wimbo ukiwa katikati. Napiga huo uzi mnene pamoja na uzi wa D: zikiwa hazijalingana, sauti hupepesuka, wa-wa-wa, na mpepesuko huo hupungua kasi kadiri unavyokaribia, mpaka ukatulia kabisa.

MWANAIDI: Na huu upepo wetu wa chumvi?

ATHMANI: Huo ni adui, dada. Uzi wenye kutu hukwama kwenye mfereji wake pale kichwani, halafu unaruka ghafla. Mimi hupangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ninapomaliza kupiga, na mferejini nasugua ncha ya penseli. Pia humwomba mwimbaji nyimbo zake mapema, nikaziweka za D pamoja, ili nibadilishe mara moja wageni wakiwa kwenye pilau. Nipe besi yako, tuishushe sasa hivi, wasikilizaji wausikie huo mpepesuko.