Kuchonga Kalamu ya Tete na Kuandika Alifu kwa Nukta

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tutachonga kalamu ya tete, kisha tutaandika alifu ya khati ya thuluthi, mmoja wa mitindo ya sanaa ya kuandika Kiarabu kwa mkono; alifu ni herufi ambayo makosa yake hayana pa kujificha.

Chagua tete lililokauka kabisa, lenye unene wa kidole chako cha mwisho. Lichonge upande mmoja kwa mshazari mrefu, ukisukuma kisu mbali nawe, mpaka uwazi wa ndani uonekane; kisha punguza kingo za kushoto na kulia mpaka ncha ipate upana unaoutaka. Ipasue katikati, kidogo tu, kwa kuwa mpasuo huo ndio unaoshusha wino. Hatimaye ilaze juu ya kitu kigumu, uikate mshazari kwa mkandamizo mmoja. Ukisitasita, ncha hubaki na nyuzinyuzi, na wino utatambaa pembeni.

Ndani ya kidau tia nyuzi za hariri, ziitwazo lika, umimine juu yake wino wa masizi. Nyuzi hizo huzuia kalamu isichote wino kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye nukta, nami naomba utazame kwa makini. Gusisha ncha nzima kwenye karatasi, uivute kwa umbali ulio sawa na upana wake, uinue. Umepata mraba uliosimama kwa pembe yake. Panga nukta 7 wima, pembe ikigusa pembe. Huo ndio urefu wa alifu yako. Kipimo hiki, kinachonasibishwa na mwandishi wa khati Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, nakipenda mno kwa sababu hutoka kwenye kalamu yenyewe: wewe mwenye kalamu nyembamba na mwenzako mwenye pana mtaandika alifu za ukubwa tofauti, lakini uwiano ni ule ule, hivyo mnaweza kusahihishana bila rula.

Ndiyo maana nakusihi usijifunze peke yako. Sanaa hii, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2021 kwa ombi la nchi 16, Oman na Sudan zikiwemo, hurithishwa mkono kwa mkono: mwanafunzi huandika chini ya mstari wa mwalimu, naye mwalimu humwonyesha kwa nukta mahali alipopunguza au kuzidisha. Mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walionakili misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, nao walikuwa jamii ya waandishi waliokaa pamoja.

Basi shusha kalamu kando ya nukta zako, polepole, bila kusimama njiani. Alifu ikipungua, mpe mwenzako aipime, kisha andika nyingine chini yake.