Ta Prohm: Msitu Ulioachwa kwa Makusudi

Habari za jioni. Mwenyekiti amenitambulisha kama mtu aliyekwenda kuona "mji uliopotea msituni". Namwomba radhi mapema, maana neno hilo "uliopotea" ndilo nililokuja kugombana nalo.

Nilifikia Siem Reap, kaskazini-magharibi mwa Kambodia. Alfajiri nikapanda bajaji ya kule, yaani pikipiki inayokokota kigari cha abiria, tukafika Ta Prohm, hekalu la kale katika mji wa Angkor, kabla ya makundi ya watalii. Picha zake mmeziona: mizizi imeteremka ukutani kama nta ya mshumaa iliyoganda, na nyuma yake mlango mweusi.

Nilisimama sana mbele ya mti mmoja. Kisa chake ni hiki. Ndege anakula tunda, anatua juu ya paa, anaacha mbegu kwenye ufa. Mbegu inachipua, na mzizi unashuka kutafuta udongo, ukipenya katikati ya mawe. Na mawe yale hayakuunganishwa kwa chokaa! Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, waliyachonga mawe ya mchanga, wakayapanga mpaka yakakaa sawasawa kwa uzito wake tu. Juu ya milango hawakujenga tao kama letu. Walisogeza kila jiwe mbele kidogo kuliko la chini yake, hata pande mbili zikakutana. Mimi niliyezoea magofu ya pwani, ya matumbawe na chokaa, vidole vyangu vilikuwa vinatafuta chokaa bila kuipata. Sasa mzizi ukinenepa, mawe yanaachana. Lakini ukiukata, ukuta unaporomoka, kwa kuwa mzizi huohuo ndio unaoushikilia. Ukiuacha, iko siku dhoruba itauangusha mti pamoja na ukuta. Fundi gani atakushauri hapo?

Basi, msitu ule haukusahauliwa. Karne iliyopita wataalamu wa École française d'Extrême-Orient, taasisi ya Wafaransa ya utafiti wa Asia, waliyafyeka na kuyakarabati mahekalu mengine ya Angkor, hili wakaamua kuliacha na miti yake. Tangu hapo kuna watu wanaoyatazama mawe yasidondoke na kuwatengenezea wageni njia za mbao. Mafundi kutoka India wamefanya kazi pale miaka mingi. Upweke ule, ndugu zangu, una wafanyakazi.

(Kicheko.)

Na zamani ilikuwa hivyohivyo, tena zaidi. Mfalme Jayavarman wa Saba aliliweka wakfu hekalu hili mwaka 1186, na sanamu yake kuu ilichongwa kwa sura ya mama yake. Lipo jiwe la maandishi ya Kisanskriti lililopatikana humo ndani. Linasema watu 12,640 walikuwa na haki ya kukaa ndani ya eneo lake, na wachezaji ngoma walikuwa 615. Watu 79,365 walilihudumia, wengi wao wakiwa vijijini wakilima mpunga wa kulilisha. Linataja pia hospitali 102 katika ufalme. Sifa za mfalme mtu huziandika kwa ukarimu, najua. Hata ukipunguza nusu, kelele za jikoni peke yake zingemfukuza yule ndege wangu.

Nani basi aliupoteza mji? Mjumbe wa China, Zhou Daguan, aliishi Angkor mwaka 1296 na 1297, akaandika hata jinsi watu wanavyooga. Mfaransa Henri Mouhot alipofika 1860, Ulaya ikashangilia "ugunduzi", na huku watawa wa Kibudha wakiishi pale pale Angkor Wat, hekalu maarufu la mji huohuo. Aliyegundua ni mgeni. Mwenyeji alikuwa anafagia.

Kabla hatujaondoka, dereva wangu alinipeleka kwenye chumba kimoja chembamba, kirefu kwenda juu. Akaegemeza mgongo ukutani, akajipiga kifua kwa ngumi. Chumba kizima kikavuma kama ngoma kubwa. Nami nikapiga makofi: kimya. Nikaita jina langu: kimya. Akacheka, akanionyesha kifua. Nikajipiga.

Kikavuma.