Nani kala memori? Fonti na ekstensheni kwenye Macintosh za zamani

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Wiki iliyopita kuna dogo kaniletea Macintosh IIci, kompyuta ya Apple ya 1989 hiyo, ina memori megabaiti 16 ambayo enzi zile ni utajiri, sasa akifungua About This Macintosh, lile dirisha linaloonyesha nani kashika memori kiasi gani, ule mstari wa System Software, yaani sistemu yenyewe, unaonyesha umekula zaidi ya megabaiti 10, na kuna mtu kashamwambia ni fonti, yaani aina za herufi, zimejaa, afute. Nikamwambia wee, usifute kitu.

Fonti zimesingiziwa sana. Macintosh ya kwanza, Januari 1984, memori kilobaiti 128 basi, na bado ilikuwa na Chicago, Geneva, Monaco, zile fonti za Susan Kare, msanii wa Apple, zenye majina ya miji. Zilikuwa picha za nukta, kila saizi na picha zake, ukitaka saizi 12 na 18 unabeba seti mbili. Ila zilichokuwa zinajaza ni disketi, maana disketi yenyewe kilobaiti 400 na sistemu, programu, kazi zako, vyote vinagombania humo humo. Kwenye memori fonti haishindi: sistemu inashika orodha tu ya kipi kiko wapi, ukiandika ndo inaivuta kutoka kwenye diski, memori ikibana inaiachia. Ukirundika fonti mia ile orodha inanenepa kweli, lakini ni vijisenti.

Mlaji ni ekstensheni, vile vijiprogramu vinavyojiunga na sistemu kila ukiwasha mashine. Si mnajua zile ikoni zinazojipanga chini ya skrini moja moja ukiwasha? Kila mmoja pale ni mgeni kaja na godoro lake, anakata kipande cha memori ya sistemu na haondoki mpaka uzime mashine. Kupima ni rahisi, washa huku umeshikilia Shift, System 7, toleo la sistemu ya Macintosh, itakuandikia Extensions Off, halafu linganisha ule mstari.

Fonti zikitaka kula kweli zinapitia kwa Adobe Type Manager, ile inayolainisha kingo za herufi, kwa sababu unaitengea kabisa akiba ya fonti kwenye paneli yake, na watu walikuwa wanaipandisha wee halafu wanalalamika memori imeisha!

Sasa ya dogo. Tukashikilia Shift, mstari ukapungua kidogo tu. Nikafungua paneli ya Memory, kumbe 32-Bit Addressing imezimwa. Ikiwa hivyo mashine inahesabu anwani, yaani namba za sehemu za memori, kwa biti 24, programu zako zinaishia kwenye megabaiti 8 za kwanza, na zile 8 zingine ambazo hazifikiki zinabambikiwa sistemu kwenye hesabu. Tukaiwasha, tukaanzisha mashine upya, mstari ukashuka mpaka megabaiti 2 na ushee. Fonti hakufuta hata moja, mpaka Cairo ile ya vipicha bado anayo.