Upande wa Nyuma wa Kitambaa cha Bacton

Asanteni kwa kuja. Nawaona mafundi wa kudarizi kofia wamekaa safu ya mbele, nami nimefurahi, kwa sababu habari hii ni ya sindano na uzi.

Bacton ni kijiji cha Herefordshire, Uingereza. Kanisani mwake kulikuwa na kitambaa cha altare kilichotundikwa ukutani ndani ya kioo tangu 1909. Mtaalamu wa historia ya mavazi, Eleri Lynn, alipokichunguza aligundua ni hariri iliyofumwa kwa uzi wa fedha. Katika Uingereza ya karne ya kumi na sita sheria ilipanga nani avae nini. Tangazo la mwaka 1574 lilitaja hata vitambaa kwa majina, na kitambaa cha fedha kilikuwa cha wakubwa wachache mno. Tena kitambaa hiki cha Bacton kilikuwa na mikato ya gauni. Watafiti wanaamini ni sehemu ya sketi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Katika picha yake iliyoko Hatfield House, jumba la kale huko Uingereza, kifua cha gauni kimejaa maua yanayofanana sana na yaliyodariziwa kwenye kitambaa hiki.

Kwa nini Bacton? Ndiko alikotoka Blanche Parry, aliyemtumikia Elizabeth tangu malkia akiwa mtoto mchanga hadi yeye Blanche alipofariki mwaka 1590. Nguo za malkia zilitolewa zawadi, zikakatwa, zikashonwa upya, na karibu zote zimepotea. Hii imebaki kwa sababu ilikatwa ikapewa kazi nyingine. Mimi jambo hilo hunigusa sana.

Sasa tuangalie mishono. Maua, yaani mawaridi na mengineyo, yamedariziwa moja kwa moja juu ya kitambaa ghali kama hicho, mahali ambapo kosa halifutiki. Hiyo ni kazi ya fundi aliyebobea. Lakini katikati ya maua kuna vipepeo, dubu, hata mashua ndogo za wavuvi, na mkono uliovidarizi ni mwingine, si wa fundi yule. Yaelekea waliviongeza wanawake wa nyumba ya kifalme baadaye, kujaza nafasi zilizobaki wazi.

Anayedarizi anajua upande wa nyuma hausemi uongo. Kwa mbele, mwanga wa karne nne umefifisha rangi. Kilipogeuzwa, bluu ya nili ilikuwa bado imekolea, na vilevile ile nyekundu iliyotoka Meksiko, ya wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate.