Saa Tatu za Bangkok

Assalamu alaykum, na habari za asubuhi. Nimeambiwa wengi wenu mnamaliza mafunzo ya kutembeza wageni mwezi huu, na kazi yenu ya mwanzo itakuwa kuwapokea abiria wa meli za kitalii pale bandarini Malindi, hapa Unguja. Mimi nimefanya kazi kwenye meli hizo miaka sita, upande wa kuwashusha wageni na kuhakikisha wamerudi. Leo nataka twende Bangkok, kwa sababu kule ndiko nilikoona kazi hii ikiharibiwa, na kule kule nikaona ikifanywa inavyostahiki.

Kwanza tupige hesabu. Meli kubwa haifiki Bangkok. Mto Chao Phraya hauna kina cha kuipokea, kwa hiyo inafunga gati Laem Chabang, bandari ya makontena iliyo zaidi ya kilomita 120 kutoka mjini. Tuseme imefunga saa moja asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa kumi. Toa moja ya kuteremsha watu na kuwapanga kwenye mabasi. Toa mbili za kwenda. Toa tatu za kurudi, maana foleni ya mchana kule haina huruma. Toa moja ya chakula. Zimebaki tatu. Na karatasi aliyoilipia mgeni imeandikwa Kasri Kuu, mahekalu ya Wat Pho na Wat Arun, mashua ya mtoni na duka la vito.

Safari yangu ya kwanza tulipewa kijana mwenye mbio. Tarehe zote alizijua, bendera juu, twende, twende. Jioni melini bibi mmoja akaniuliza kama ile sanamu ya Buddha aliyelala tuliiona ndani ya kasri au nje yake. Simu yake imejaa picha, miguu imevimba, na hajui alikuwa wapi. Iliniuma sana. Huenda alikuwa ameweka akiba miaka kwa safari ile.

Miezi kadhaa baadaye akatupokea mama mmoja wa makamo. Alivyopanda basini tu alituomba radhi: dukani hatutapita. Kisha akaifanya ile njia ndefu kuwa darasa. Akatusimulia Ayutthaya, mji mkuu wa Wathai kwa zaidi ya miaka 400, ulivyochomwa na jeshi la Burma mwaka 1767. Akatusimulia mfalme Rama wa Kwanza, aliyevuka mto mwaka 1782 na kuanza kujenga kasri ukingo wa mashariki, akifuata ramani ya kule kulikoungua. Matofali mengine yalitolewa kwenye magofu yale yale, yakateremshwa mtoni kwa mashua. Basi tulipofika kwenye kuta nyeupe, kila mtu alijua anatazama nini: mji uliokufa, umejengwa tena mahali pengine.

Ndani ya kasri kuna hekalu, Wat Phra Kaew, na halina mtawa hata mmoja anayeishi humo. Ni hekalu la mfalme, kama lilivyokuwapo moja huko Ayutthaya. Viatu unaacha nje, kizingiti unakiruka bila kukikanyaga, unakaa umekunja miguu nyuma ili nyayo zisimwelekee Buddha. Mabega na magoti yamefunikwa. Sisi Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Halafu unainua macho, na wageni wengi hapo huvunjika moyo, maana sanamu yenyewe ya Buddha ina sentimita 66 tu, iko juu kabisa, na jiwe lake la kijani si zumaridi ingawa watu wanaliita hivyo. Yule mama alikuwa ameshatutayarisha. Alituambia mfalme humbadilisha Buddha huyu mavazi mara tatu kwa mwaka: kiangazi, masika na kipupwe. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza mbona ndogo. Walinong'onezana, amevaa nguo ya msimu gani?

Ukumbi wa Chakri tuliutazama kwa nje, kiwiliwili cha Ulaya kilichovishwa mapaa ya Kithai. Ulikamilika mwaka 1882, zama za mfalme Rama wa Tano. Mwaka uliofuata, hapa kwetu, Sayyid Barghash akaikamilisha Beit al-Ajaib. Wafalme wawili wa zama moja, kila mmoja akiwaonyesha Wazungu kwamba naye anajenga. Nasikitika kwamba hili silisikii likisemwa pale Forodhani.

Wat Pho alitupeleka moja kwa moja kwenye nyayo. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa, alama 108. Dakika ishirini, tukatoka, tukavuka mto kwa kivuko.

Wat Arun ndiko alikotupa muda. Kwa mbali mnara wake unang'aa kama umechongwa. Alitusogeza hadi ukutani, akaelekeza kidole kwenye ua moja, akanyamaza. Tukatazama. Petali zilikuwa vipande vya visahani. Shina lilikuwa kipande cha bakuli, na ukingo wake wa buluu bado unaonekana. Mnara mzima umevikwa kaure za China na makombe ya baharini, na inasimuliwa kwamba kaure nyingi zilikuja kama farumi ya majahazi ya Kichina, mzigo wa kuituliza meli isiyumbe. Nikamwambia kwamba pwani yetu pia, Kunduchi na Kaole, wazee walipachika bakuli za China kwenye makaburi yao. Akaniomba nirudie, kwa sauti, wageni wote wasikie. Nikarudia.

Tulirudi na nusu saa mkononi. Jioni ile, chai ilipoandaliwa, nilimwona mzee mmoja wa kundi letu amekiinua kisahani chake mbele ya taa. Anakizungusha taratibu, anapima kwa kidole gumba kingetoa petali ngapi.

Nakaribisha maswali.