Kipindi cha wiki: Jino la mbele na magadi ya mlenda

CHIKU: Karibuni tena. Kaka Mazengo, Jumapili shangazi kamfunua binti yangu mdomo mbele ya wageni: "Huyu hasugui meno!" Mtoto wa miaka 9, kalia mpaka usiku.

MAZENGO: Pole yake jamani. Ni yale madoa ya kahawia?

CHIKU: Hayo hayo. Na anasugua asubuhi na jioni! Sasa, kalelewa na bibi yake Singida mpaka miaka 4, maji ya kisima kirefu. Jino la mbele la kudumu huanza kujengwa ndani ya fizi mtoto akiwa na miezi mitatu minne tu. Akikaribia kwenda chekechea, enameli yake, lile ganda gumu la nje, imeshamalizika. Doa liliingia huko.

MAZENGO: Linajengwaje? Ndiyo mada ya leo.

CHIKU: Kuna seli zinaitwa ameloblasti. Zinatandaza protini kwanza, kalsiamu na fosfeti zinajipanga humo vijiti vyembamba. Halafu seli zile zile zinaiondoa protini, fuwele zinenepe, zibanane. Ndiyo maana enameli, kwa uzito, ni madini karibu asilimia 96. Floraidi, madini yanayokuwa kwenye maji ya kisima, ikizidi, protini inachelewa kutoka. Jino linachomoza na mabaka meupe kama chaki, lina vitundu vidogo chini ya uso, baadaye yananywa rangi. Na seli zenyewe hufa jino linapotoka. Hakuna wa kurudi kukarabati.

MAZENGO: Kwa hiyo mswaki hauna kosa.

CHIKU: Hata kidogo! Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 1.5 kwa lita isipitwe. Huku kwetu Bonde la Ufa visima vingine vinapita mbali. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki. Halafu kuna magadi.

MAZENGO: Aa, dada, magadi usiyaguse. Mlenda bila magadi ni majani ya kuchemsha!

CHIKU: Magadi mengine yana floraidi nyingi, Mazengo.

MAZENGO: Mengine! Umesema mwenyewe. Mlenda wa mama kule Bahi, ukiinua tonge unavutika mpaka kifuani, na karanga zimeiva. Unataka niufute kwa sababu ya magadi ya mahali pengine?

CHIKU: Nani kijijini atapima kijiko cha magadi? Mpaka yapimwe, mtoto wa chini ya miaka 8 apakuliwe kabla hayajatiwa.

MAZENGO: Kabla hayajatiwa haujawa mlenda. Mtoto anakunywa maji kutwa nzima, mlenda anakula mara moja. Kipimwe kisima kwanza, tuache kuhukumu chungu cha mama.

CHIKU: Vipimwe vyote. Ila mimi chungu sikisubirishi.

MAZENGO: Na mimi sikiachi.

CHIKU: Fundi ananionyesha dakika moja. Ule mkaa wa mifupa wa kuchuja floraidi kwenye maji, wa Ngurdoto kule Arusha, wiki ijayo.

MAZENGO: Na Jumapili nimealikwa kwako.

CHIKU: Mlenda upo, magadi hamna.

MAZENGO: Basi nitakuja nimeshakula.