Gari Linalogoma Jiweni

Shikamooni wakubwa, vijana, habari za jioni. Kaeni, kaeni. Mliosimama mlangoni, huku mbele viti vipo.

Hili gari hapa mezani wengi mnalijua. Ni gari la rimoti la kukwea miamba, ukubwa wake sehemu moja ya kumi ya gari la kweli. Halina mbio, mtu anayetembea analipita. Kazi yake ni kupanda jiwe taratibu, tairi moja liko hewani, jingine limebanwa kwenye ufa. Na sisi wa Mwanza hatuhitaji kujengewa uwanja. Unatoka mlangoni, jiwe. Unakwenda ziwani kuoga, jiwe. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie ugonjwa mmoja tu: gari linakosa nguvu. Sakafuni linakwenda vizuri, ukilifikisha jiweni linagoma. Linapanda nusu na kuzima, au linajikongoja kama bajaji iliyopakia watu wanne kwenye kilima.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Langu lilipoanza hivyo, nilinunua betri mpya. Likapona siku mbili, likarudia. Nikanunua mota. Siku mbili tena, likarudia. Nilikuwa tayari naulizia bei ya kidhibiti mwendo, kile kiboksi kinachogawa umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, ndipo jioni moja nikashika plagi ya betri mara tu baada ya kupanda. Niliiachia kama nimeshika sufuria jikoni. Plastiki imelegea, pini moja imekuwa ya kahawia. Nilipoikata nikakuta risasi ya kulehemia imeshika nusu ya nyuzi za waya, nusu nyingine zimeegemea tu. Na zile siku mbili za kupona? Kila nilipobadilisha kifaa nilichomoa na kuchomeka plagi, pini zikajisugua na kusafishika. Mimi nikasifu betri.

Sasa tufanye hesabu ubaoni. Gari likiwa linavuta kwa shida, chukulia mota inakula ampea 20. Plagi mbovu chukulia ina ukinzani wa omu 0.05. Zidisha: volti 1 imepotea pale pale kwenye plagi. Na joto lake ni wati 20. Wangapi hapa wana kile chuma cha kulehemia cha wati 30? Basi mmetembea na kitu kinachokikaribia ndani ya gari.

Volti 1 mnaiona ndogo. Betri ya lithiamu polima ya seli mbili ikijaa ina volti 8.4. Ukishatumia nusu, ikiwa imetulia inasoma kama 7.6. Ikibanwa na mzigo inashuka yenyewe hadi 7. Plagi inameza 1, kidhibiti kinapokea 6. Kumbe kidhibiti kina kinga ya volti ndogo isiiache betri ife, na nyingi zinakata karibu na 6.4. Kikiona 6 kinasema betri imekwisha, kinazima mota. Mzigo ukiondoka volti zinarudi, gari linaamka, wewe mwenye rimoti unakuna kichwa.

Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu: betri msiipime ikiwa imelala. Mtu anachomoa betri, anaweka mita ya umeme, anasoma 7.6, anasema betri nzima, tatizo mota. Kipimo hicho kimepimwa gari likiwa limepumzika! Wala msipime plagi kwa omu. Waya za mita yenyewe zinaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko hiyo 0.05 mnayoitafuta. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye waya mwekundu upande wa betri, nyingine kwenye waya huo huo upande wa kidhibiti, plagi ikiwa katikati. Gari likiwa limetulia utasoma sifuri. Livutishe. Plagi nzima inasoma sehemu chache za mia za volti, 0.02, 0.03 hivi. Ukiona 0.3 au 0.5 umeshamkamata mwizi. Kisha rudia kwenye waya mweusi, maana watu humsahau huyo.

Kabla ya mita kuna sikio. Gari likigoma, inama usikilize. Mota inazunguka lakini matairi yamesimama? Hapo umeme hauna kosa. Ni gia. Mara nyingi ni ile skrubu ndogo inayoshikilia gia ya mota: mhimili una upande mmoja bapa, skrubu lazima ikae juu ya ubapa huo, na itiwe gundi ya skrubu ya bluu. Ikikaa pembeni inateleza. Kama siyo hiyo, tazama klachi, pini za propela shafti, kisha difu. Meno yaliyolika yanatoa mlio wa kusaga, hutaukosa.

Ndiyo, kaka? ... Anauliza, lake linazima kabisa, hata taa, halafu linawaka, na inatokea akikata kona tairi likiwa limebanwa na mawe.

Hilo swali zuri, na hapo betri na mota vyote huwa havina kosa. Anayekata kona ni sevo, ile mota ndogo inayogeuza matairi, na kwa kawaida sevo haili umeme wa betri moja kwa moja. Ndani ya kidhibiti mna sehemu ndogo inayoshusha volti hadi 5 au 6 kwa ajili ya sevo na risiva, kile kinachopokea amri za rimoti. Sevo yenye nguvu ikikwama inaweza kuvuta ampea kadhaa kwa mpigo. Sehemu ile ikizidiwa, volti zinaporomoka, risiva inazimika, na gari zima linakosa wa kulipatia amri. Jaribio lake ni dakika moja: chomoa sevo, panda moja kwa moja bila kona. Likipanda bila kuzima, umepata jibu. Dawa ni kuipa sevo kishusha volti chake chenyewe. Mimi binafsi nafunga sevo kubwa pamoja na kishusha chake siku hiyo hiyo, sisubiri.

Mengine nitayapita haraka. Ukifunga matairi makubwa bila kupunguza gia ya mota, umeiongezea mota mzigo. Ikichemka kiasi kwamba kidole hakikai sekunde tatu, ndiyo hiyo. Kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani ya mota kupitisha umeme, zikiisha, mota inacheza cheche na kupoteza nguvu polepole, wiki kwa wiki. Anayetumia betri ya nikeli ahakikishe kidhibiti hakijawekwa upande wa lithiamu, kitamkatia mapema. Na mchanga wa ziwa kwenye beringi, jamani, osheni magari.

Betri za lithiamu zina ujanja mmoja. Seli moja ikichoka, chini ya mzigo hii inashuka 3.0 na mwenzake anabaki 3.8. Jumla 6.8, kinga haioni kitu, na seli inazidi kuuawa. Pimeni seli moja moja kwenye ile plagi ndogo ya pembeni, gari likiwa linavuta. Ikishavimba, usiichaji tena.

Basi, dada wa fulana nyekundu, njoo unisaidie. Gari nimelifunga kamba kwenye mguu wa meza, matairi yasugue zulia. Hii plagi ndiyo ile yangu ya kahawia, niliitunza. Shika ncha mbili za mita, hapa na hapa. Mimi nabonyeza sekunde mbili tu, nisiunguze mota. Tayari? ... Wasomee kwa sauti.

Sifuri nukta nne moja. Usiishike plagi, bado ya moto.